Zile Funguo za Kwenye Picha

Majengo, Pumwani,
Nairobi.
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa kakangu Wanjala,

Mulembe, kaka. Mulembe tena, na ya tatu mpelekee mama. Kabla hujaniuliza niko aje, wacha nikuambie mwenyewe: ikiwa kuna mtu ambaye bahati ilimjua kwa jina na kwa sura, ikamfuata kutoka kwetu mpaka Nairobi, ikamkuta amelala ikamwamsha kwa mkono, mtu huyo ni mdogo wako Wafula. Vyumba vinane, kaka. Vinane! Vinne kulia, vinne kushoto, na ukumbi mrefu katikati, na mimi napita hapo asubuhi mikono nyuma, watu wananiamkia. "Sasa, landi?" "Landi, umelalaje?" Landi ni landilodi, mwenye nyumba; watu wa Majengo hawana wakati wa kumaliza neno. Hata yule kijana wa chumba namba mbili, aliyesoma mpaka chuo kikuu akarudi na cheti kikubwa kama sinia, hunisubiri mimi nimwambie kama leo kuna maji. Mimi, ambaye shule niliiacha darasa la saba na haikutuma hata mtu kunitafuta.

Haya. Sasa niambie ninyi. Mama macho yanaendeleaje? Yale matone ya hospitali anatia, au ameyaweka juu ya kabati anayaombea? Shemeji Nekesa mguu umepoa? Na yule ndama, ameacha kula nguo za watu? Mimi mwili uko sawa. Nimepungua kidogo, lakini huku kupungua ni fasheni, watu hulipa wapungue.

Utashangaa kwa nini naandika karatasi na simu ninayo. Kaka, nimekupigia mara tatu wiki hii. Kila ukishika unasema, "Haloo, tajiri wa Nairobi!" na mdomo wangu ukisikia hivyo haunisubiri tena. Unaanza kuongea wenyewe, mimi nabaki nikiusikiliza kama mtu mwingine. Kalamu ni pole pole. Kalamu inanipa nafasi ya kumeza mate. Ndiyo maana nampa barua hii Nafula, binti ya shangazi, anayesafiri kesho, na nimemwapisha asimpe mtu mwingine ila wewe, mkononi, hata kama umelewa.

Jambo lenyewe ni hili. Ulisema mnunuzi wa shamba la mtoni amepatikana, na kwamba Alhamisi mnakwenda bodi ya ardhi kuomba kibali cha kuuza. Ukasema shemeji alikuwa amekataa kutia sahihi, lakini ulipomwonyesha ile picha yangu, mimi nimesimama mbele ya nyumba na tai shingoni na bunda la funguo mkononi, akalainika. Na kwamba zile pesa unanitumia mimi, nikununulie nyumba kama yangu, ile ya upande wa pili wa barabara, na wewe uwe landi.

Kaka, usiende huko Alhamisi. Nakuomba kwanza usome yote, mpaka chini, ndipo uamue.

Unajua watu wanafikiri mwenye nyumba ni mtu wa kukaa kwenye kiti akingoja mwisho wa mwezi. Wacha nikueleze. Mwenye nyumba ndiye anayeitwa choo kikiziba. Stima ikipotea, yeye ndiye amekula pesa za stima. Mke wa namba saba akigombana na mke wa namba nane juu ya kamba ya kuanika nguo, jaji ni yeye, na hukumu yoyote atakayotoa atanuniwa na upande mmoja kwa wiki mbili. Mvua ikinyesha, anahesabu matone. Mimi siku hizi nikisikia radi, roho inaniambia, namba tatu, kona ya kushoto, tafuta sufuria.

Lakini hayo ni madogo. Nikueleze la Kamau.

Kamau ni mpangaji wa chumba namba tano. Ni mtu wa Murang'a, fundi wa akala pale Kariokor, zile ndara za tairi. Babake alikuwa fundi hapo hapo, kibanda hicho hicho. Mtu mpole, anaongea kama anakopesha maneno. Miezi michache iliyopita kisu kilimteleza akikata tairi, kikafungua kiganja chake cha kulia kama mkate. Mkono ukashonwa, ukafungwa, na kazi ikasimama. Kodi nayo ikasimama. Mwezi wa kwanza nikanyamaza. Wa pili nikakohoa mlangoni pake. Wa tatu nikamwita ukumbini.

Hapo niwataje watu waliokuwepo, maana walikuwepo wote. Wanawake wawili walikuwa wanafua. Yule msomi wa namba mbili alikuwa anapiga pasi shati. Na Bibi Zaituni alikuwa kwenye kiti chake cha mlango wa mbele. Bibi Zaituni ni mama mzee wa Kiislamu aliyekuwa na nyumba hii tangu zamani. Alizaliwa humu humu. Nimemwachia chumba cha mbele akae bila kodi, kwa sababu mimi, unanijua, si mtu wa kumfukuza mwanamke mzee.

Nikamwambia, "Kamau, mwezi wa tatu huu."

Akainua ule mkono wenye bendeji. "Landi, unaona mwenyewe. Na mwenye nyumba anajua. Tumeongea."

"Mwenye nyumba ni nani? Si ni mimi?"

Kamau akaniangalia, halafu akacheka. Si kwa ubaya, lakini alicheka. "Wewe Wafula? Wewe ni landilodi wa mdomo. Kodi ya mdomo nitakulipa kwa mdomo."

Wale wanawake, kaka! Mmoja aliachilia nguo ndani ya karai akashika mbavu. Yule msomi akageuka ukutani, mabega yanatikisika, pasi inaunguza shati. Hata kuku wa namba sita nilimwona kama anatabasamu. Nikajaribu kujibu, neno halikuja. Mimi! Neno halikuja kwangu! Bibi Zaituni peke yake hakucheka. Alisema tu, "Mwache Kamau, mwanangu. Mkono haukimbizwi." Nami nikamsikia, lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa kile kicheko.

Sasa huku kuna dawa ya zamani. Mpangaji akichelewa, unang'oa mlango. Humgusi yeye, wala kitanda chake, wala sufuria yake. Unachukua mlango wako tu, unauegemeza mahali, unangoja. Mtu hawezi kwenda kazini na nyumba iko wazi, na hawezi kushinda ndani akitazamwa kama nyama buchari. Siku mbili, tatu, analipa, hata kama ni kwa kuuza godoro. Kila mtu anajua. Nimeona ikifanywa ploti nyingi, na hakuna aliyeuliza sheria inasema nini, maana sheria tuliidhani iko mjini kule kwenye magorofa, haivuki soko la Gikomba.

Siku ya pili asubuhi Kamau alikwenda kliniki kutolewa bendeji. Alipopinda kona tu, nikachukua bisibisi na panga. Bawaba ya juu ilitoka vizuri. Ya chini ilikuwa imeota kutu, nikaipiga, na kumbe fremu ilikuwa imeliwa na mchwa miaka yote hiyo ikijifanya mbao. Mlango ukaja na kipande cha fremu, ukapasuka katikati. Nikaubeba vivyo hivyo kichwani, nikapita nao ukumbini pole pole, ili wale waliocheka waone vizuri. Nikauweka chumbani kwangu. Nikajisikia mrefu.

Nikaenda kununua sukari. Sukari tu, kaka, hapo mbele. Nikakutana na watu, tukaongea siasa kidogo, nikawasimulia habari za mlango. Niliporudi ilikuwa saa sita na jua liko wazi.

Kamau alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama pale ambapo mlango ulikuwa. Akainua mkono kama mtu anayetaka kubisha, halafu akaushusha, maana hapakuwa na kitu cha kubisha. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Visu viko wapi?"

"Visu gani?"

"Vya baba."

Mfuko wa vifaa vyake haukuwepo. Visu vya kukatia tairi, koleo, nyundo, zile kalibu za mbao za kuundia viatu. Kila kitu alichokitunza chini ya kitanda akingoja mkono upone. Na mkono ulikuwa umepona, kaka. Siku hiyo hiyo. Alikuwa ananionyesha kiganja bila bendeji, kovu jekundu katikati, vidole vinafunguka na kufungika, vinafunguka na kufungika. Mkono umerudi, kazi imeondoka.

Niliuliza nyumba nzima. Hakuna aliyeona. Waliokuwa wanafua walikuwa wamekwenda sokoni. Bibi Zaituni alikuwa msikitini, kwenye mambo ya mazishi ya jirani. Kwa siku tatu nilizunguka Gikomba kwa wale wanaouza vifaa vya mkono wa pili, nikipekua marundo ya vyuma kama mtu anayetafuta jino lake. Nikapata nyundo. Ilikuwa na alama ya msumari kwenye mpini, nilishaiona kwa Kamau mara nyingi. Nikainunua, muuzaji akijua na mimi nikijua. Visu sikuviona.

Baada ya wiki mbili ikaja karatasi yenye muhuri. Kamau alikwenda kwenye baraza linalosikiza kesi za wenye nyumba na wapangaji. Sikujua kuna kitu kama hicho. Karatasi iliandikwa "Mwenye nyumba," na namba ya nyumba, basi. Nikaisoma mbele ya watu kwa sauti kubwa, nikasema, "Watanijua ni nani!" Nikavaa ile tai.

Kaka, watu walijaa mle. Kamau amekaa na yule msomi, shahidi wake. Bibi Zaituni naye alikuja, na fimbo yake, akakaa nyuma. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini, ile sauti ambayo lazima unyamaze ili uisikie. Akauliza, "Mwenye nyumba yupo?"

Nikasimama.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndimi, mheshimiwa. Vyumba vinane."

"Sijauliza idadi." Watu wakacheka. "Ulimpa mpangaji ilani ya maandishi?"

"Nilimwambia kwa mdomo, mheshimiwa."

"Ulikuwa na amri ya baraza hili ya kumtoa?"

"Mheshimiwa, mimi sikumtoa. Nilitoa mlango."

Walicheka tena, na mimi nikafurahi kidogo, unajua nilivyo nikisikia watu wanacheka. Lakini yeye hakucheka. Akavua miwani, akaniuliza, "Mlango ukishatoka, mtu amebaki ndani ya nini?"

Nikanyoosha tai.

Akanieleza kama anayemweleza mtoto, na sikuchukia, maana nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Kwamba mtu hata akiwa na deni, pale anapolala ni kwake mpaka baraza liamue vingine. Kwamba kung'oa mlango, au kuezua mabati, au kukata maji na stima ili mtu achoke aondoke, ni kosa, na mwenye kulifanya anaweza kushtakiwa. Kwamba deni la Kamau ni jambo moja na vifaa vya Kamau ni jambo la pili, na moja halifuti lingine. Akaamuru mlango urudi siku hiyo hiyo. Akasema turudi Jumatano hii inayokuja, niwe na karatasi zinazoonyesha nyumba ni yangu, na kitabu cha kodi, ndipo aseme nani atamlipa Kamau vifaa vyake na kama faili itapelekwa mbele. Nikatia sahihi mahali palipoandikwa mwenye nyumba. Sahihi nzuri, kaka, na mkia wake.

Mlango wa Kamau ulikuwa umepasuka, haurudi. Nikang'oa wa kwangu nikamfungia yeye. Nikabadilisha na ile fremu. Nilipomaliza nikampa ile nyundo. Akaigeuza geuza, akaona ule msumari, akasema, "Hii ni ya baba." Basi. Sasa chumba changu kina shuka mahali pa mlango. Hewa nzuri sana. Nakuandikia nikiwa nyuma ya hilo shuka, na kila anayepita ukumbini namwona miguu.

Sasa fuata hapa vizuri, maana hapa ndipo pako wewe. Nilipotoka barazani nikamwendea Bibi Zaituni nikamwambia nataka hati. Akaniambia nivute sanduku la bati chini ya kitanda chake. Akalifungua. Kaka, hakuna hati mle. Kuna risiti. Za zamani hata rangi imekuwa ya chai, zinakatika ukizishika. Zimeandikwa jina la bibi yake, aliyeijenga nyumba kwa udongo na miti. Bibi yake akafa, nyumba ikabaki kwa mama yake, mama yake akafa, ikabaki kwa dada yake mkubwa, naye akafa, na katika wanawake hao wote hakuna hata mmoja aliyekwenda kortini kubadilisha jina. Walizikana, wakapika pilau, wakaendelea kukaa.

Nikamuuliza, "Na ardhi, Bibi? Ya ardhi iko wapi?"

Akasema, "Ardhi gani, mwanangu? Hapa mtu ana kuta na paa. Udongo ni wa serikali, tangu Mzungu. Wakisema leo tunajenga upya, utabeba nini? Utakunja ukuta utie kwapani?"

Nami nilikaa Nairobi miaka kumi na mbili nikijua mambo ya dunia nzima, hilo sikulijua. Nikaenda kuuliza habari za ile nyumba ya ng'ambo unayoitaka. Ni yale yale, na mabaya zaidi. Jina kwenye karatasi ni la marehemu, na waliobaki ni dada wawili na mpwa wao, na kila mmoja anaiuza kivyake. Yule broka aliyenionyesha alikuwa ametumwa na mmoja tu. Ungelipa huyo, wale wawili wangekuja asubuhi na panga na chifu. Kaka, ungekuwa umeuza udongo ukanunua kuta, na hizo kuta zenyewe si za anayekuuzia.

Kwa hiyo unaona kwa nini nasema usiende bodi. Shamba la mtoni lina hati, kutoka jina la baba mpaka jina lako, na beacons zake, yale mawe ya mpaka, ziko pale pale tulipozichezea. Usiliuze. Mimi mwenyewe, pamoja na vyumba vyangu vinane, nasema usiliuze.

Basi kaka, karatasi inaisha na Nafula ameshapita mara mbili kuuliza kama nimemaliza. Nisalimie shemeji Nekesa, mwambie alikuwa na haki kukataa kutia sahihi, na hilo nalisema kwa heshima. Msalimie mjomba Simiyu mpiga tarumbeta wa kanisa, mwambie nikisikia tarumbeta huku hugeuka nikimtafuta. Wasalimie watoto wako wote, yule wa mwisho mwambie baba mdogo ameona ile herufi aliyoandika, imeelekea nyuma lakini ina nguvu. Na mama, nisalimie mama. Mwambie mboga zake za mtoni

Nimekaa hapa na hilo neno mboga kwa muda mrefu. Nafula ameketi nje kwenye beseni lililopinduliwa, ananingoja.

Nilitaka kuandika, mwambie mboga zake za mtoni nazikumbuka. Halafu nikamwona, Wanjala. Nilipokuja Krismasi nilimfuata asubuhi moja bila yeye kujua. Alivua viatu pale kwenye ukingo. Haoni tena lile shamba, analijua kwa nyayo. Mguu mmoja kwenye mfereji, mwingine kwenye tuta, anapiga hatua, anainama, na mkono unafikia kunde pale pale zilipo. Matuta kumi na moja. Nilihesabu. Kule nyumbani anajikwaa kwenye kiti chake mwenyewe, lakini mtoni hajikwai. Na wewe Alhamisi unakwenda kumwuzia hilo kwa sababu ya picha yangu.

Nimekupa sababu zote za mwenye nyumba. Zote ni za kweli, na bado najua zitashindwa kukuzuia, kwa sababu utasema, mbona Wafula yeye aliweza?

Sikuweza. Sina nyumba, Wanjala. Sijawahi kuwa nayo. Nyumba ni ya Bibi Zaituni, vyumba vyote vinane, na hiki ninacholala, cha karibu na choo, ni chake. Si mimi niliyemwachia chumba. Yeye ndiye aliyeniachia mimi, nilipokosa pa kwenda baada ya kiwanda kutupunguza, akasema nifagie ukumbi na nimkusanyie kodi kwa sababu magoti yake hayawezi tena kuzunguka mlango kwa mlango. Zile funguo za kwenye picha ni za choo na za mfereji wa maji. Tai ni ya yule msomi wa namba mbili. Ni yeye pia aliyepiga picha, aliniuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya kazi.

Kamau alisema kweli, alikuwa ameongea na mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa ameniambia mbele ya watu nimwache. Sikumng'olea mlango kwa sababu ya kodi. Ilikuwa kicheko. Na pale barazani walipouliza mwenye nyumba ni nani, nilimsikia Bibi nyuma yangu akitafuta fimbo yake asimame. Nikawahi. Najiambia nilimhurumia, mzee kama yule asisimamishwe kwa kosa langu. Labda kulikuwa na hilo pia. Lakini pale nilipokuwa nimesimama na watu wote wananitazama, kaka, kwa dakika moja nilikuwa na nyumba, na ilikuwa tamu.

Hajanigombeza. Tulipotoka aliniambia tu, "Ukivaa kanzu ya mtu, unavaa na madoa yake." Jioni akaniletea chai mwenyewe, akaipitisha chini ya shuka.

Jumatano nakwenda naye. Safari hii wakiuliza, nitakaa nimwache asimame, kisha nitasimama mimi niseme nilitia sahihi ya uongo na mlango niliung'oa mimi bila kutumwa. Sijui watanifanya nini. Visu vya babake Kamau nitavilipa mimi, hata kama ni kwa kubeba magunia Gikomba mpaka nizeeke. Bibi akinifukuza ana haki. Ukisikia simu yangu imezima siku kadhaa, usimwambie mama.

Kama mnunuzi ameshakupa kitu, mrudishie, mwambie ni mimi niliyewadanganya nyote. Nikipata nafasi nitakuja nimwambie mwenyewe mbele yako. Na ile picha itoe ukutani. Mama haioni, lakini najua huwaonyesha wageni ilipo kwa kidole.

Nilikuandikia juu kule kwamba bahati ilinijua kwa jina. Hainijui.

Ni mimi mdogo wako,
Wafula, asiye na hata mlango mmoja.